Marehemu wa Ghorofa ya Tatu

1.

OFISI YA UKAAZI — KITENGO CHA TABIA

Waombaji:
(1) Kokutona, mke, muuguzi.
(2) Mutalemwa, mume, mpakiaji mikate.
(3) Asimwe, mtoto, miaka tisa.

Familia huomba kwa faili moja. Dosari ya mmoja ni dosari ya wote.

Je, yupo mwombaji aliyewahi kutiwa hatiani?

[   ] Hapana
[X] Ndiyo: (2)

2.

Kosa lenyewe hili hapa. Ubatizo wa mtoto wa rafiki, bia nne, mchana kweupe, mita mia sita kwa gari kufika nyumbani. Polisi wakampulizisha kile kidude, kidude kikamsema. Hakugonga mtu. Hakugonga hata pipa la taka. Alikiri, akanyang'anywa leseni mwaka mzima, akadhani yamekwisha.

Yamekwisha!

Ofisi za wenzetu zina kumbukumbu kali kuliko ya wifi.

3.

Asimwe ana tundu kwenye moyo. Upasuaji wake umepangwa mwezi wa tatu, huko huko ugenini wanakoishi.

Wakinyimwa ukaazi, wanaondoka mwezi wa pili.

4.

SHARTI: Barua ya mtu anayeheshimika, aliyemfahamu mwombaji (2) kwa miaka kumi au zaidi, ikieleza tabia yake.

5.

Simu, Bukoba.

— Shikamoo, Ta Bashaija.

— Marahaba. Nani mwenzangu?

— Mutalemwa. Naomba uniandikie barua, Ta. Mema yangu yote, tangu kuzaliwa.

Kwa mbali kuku analia.

— Unaumwa, mwanangu?

— Siumwi. Ni ya ofisi.

— Haya. Hiyo kazi naijua.

Anaijua kweli. Mzee Bashaija, au Ta kama Wahaya wanavyomwita mzee, ni katekista, na kwa miaka thelathini hakuna aliyeandika tabia za watu pale parokiani kumzidi. Lakini wewe unayesoma, hebu jiulize: kwetu sisi, mtu huandikwa mema yake lini?

Usicheke.

6.

WASIFU

Mutalemwa alizaliwa akiwa mtoto wa nne. Aliimba besi kwaya ya vijana. Alikuwa mcheshi, mpole, na pombe alikunywa kwa kiasi. Ameacha mjane na mtoto mmoja.

[Picha: kijana wa kipaimara, ndani ya fremu nyeusi.]

Mutalemwa hakuisoma. Ilikwenda moja kwa moja kwa mfasiri aliyeapishwa, naye mfasiri aliyeapishwa hatafsiri nia ya mtu. Anatafsiri kilichoandikwa.

7.

TAARIFA

Tumepokea wasifu wa marehemu. Poleni.

(1) Kokutona. Hakuna dosari.
(2)
(3) Asimwe. Hakuna dosari.

Ukaazi umekubaliwa. Tutathibitisha kwa simu siku ya kumi na nne.

8.

— Tuwapigie sasa hivi, tuwaambie.

— Tuwaambie nini?

— Kwamba nipo, Koku!

— Ukiwepo, alisema Koku polepole, mtoto hapasuliwi.

Papo hapo akaona aibu, akalia. Mutalemwa alitaka kukasirika, hasira isije. Alichopata ni woga, kwa sababu mkewe hakuwa amesema uongo.

9.

Jumatatu: kadi ya maktaba imekataa.

Jumanne: maua mlangoni, kutoka kwa jirani wa chini. Asubuhi ile ile walikuwa wamepishana kwenye ngazi. Mutalemwa alimsalimia. Jirani hakuitikia.

Jumatano: kwenye orodha ya zamu jina lake halimo. Wenzake wanapakia mikate, macho chini.

Alhamisi: ule mlango wa duka unaofunguka wenyewe haukufunguka. Alisimama mbele ya kioo mpaka akaja bibi mmoja na mbwa wake. Ukafunguka. Mbwa alimtazama Mutalemwa, akarudi nyuma.

Ijumaa:

10.

Nipo.

Aliiandika barua hiyo ya neno moja, akaikunja, akaiweka mfukoni. Hakuituma. Kila alipofika kwenye sanduku la posta, alikumbuka kifua cha mwanawe kinavyopanda na kushuka akimaliza ngazi.

11.

Siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi. Simu imewekwa spika. Afisa anaongea kwa lugha yake, mkalimani anafuata kwa Kiswahili laini cha pwani.

— Poleni sana na msiba, dada.

— Tumeshapoa, alisema Koku.

Ulimi una mazoea yake. Ukishapewa pole, unajibu. Kisha akajiziba mdomo kwa mkono, lakini kule upande wa pili kalamu ilikuwa imeanza kuandika.

— Afisa anaomba amsalimie mtoto.

Asimwe akasogea mezani.

— Pole, mwanangu. Baba unamkumbuka?

Asimwe alimtazama baba yake, aliyekaa mbele yake na soksi zake za kijivu. Akasubiri.

Mutalemwa akaitikia kwa kichwa: ndiyo.

— Namkumbuka.

— Alikuwa mtu wa namna gani?

Asimwe alifikiri. Alikuwa ameacha kumtazama.

— Alikuwa ananisuka vibaya. Lakini alikuwa hachoki.

Mutalemwa alinyoosha mkono, akamgusa kisogoni. Mtoto akajipangusa pale, kama aliyepitiwa na kaupepo, akaendelea, lakini Mutalemwa alisikia maneno mawili tu:

— Halafu alikuwa