Asilimia Hamsini na Sita

Barua ya kunishtaki kwa kamati ya ndondi ilikuwa na aya moja. Ilisema kwamba mimi, Nafula, ninajidunga homoni ya kuongeza damu, kwamba mwandishi ameiona sindano, na kwamba chembe nyekundu zimefika asilimia hamsini na sita ya damu yangu. Haikuwa na jina. Haikulihitaji. Karatasi yenye hesabu hiyo nilikuwa nimemwonyesha mtu mmoja tu: Phares, kocha wangu kwa miaka tisa.

Kamati ilinisimamisha. Nafasi yangu katika timu ya taifa ikaenda kwa Sally, binti wa Phares.

Nafundisha baiolojia, kwa hiyo daktari aliponiletea majibu ya jeni hakunizungusha. Kwa kawaida homoni hiyo hushika kipokezi kilicho nje ya seli ya uboho. Ndani, kimeng'enya kiitwacho JAK2, kilichoshikamana na mkia wa kipokezi, huamka na kuziwasha protini zinazoingia kwenye kiini na kufungulia jeni za kutengeneza chembe nyekundu. Homoni ikiondoka, kazi husimama. Kimeng'enya changu kina kosa moja: hakilali. Homoni yenyewe ilikuwa karibu kuisha mwilini.

Nilimkuta Phares katika ukumbi wa Kaloleni, akimfunga Sally bendeji mikononi.

"Niaje, Madam! Leo umetuletea mtihani gani?"

"Sindano uliiona wapi, Kocha?"

Alimtuma Sally akaruke kamba nje. Kisha akayasoma majibu, midomo ikicheza.

"Kumbe ni ugonjwa. Pole, dadangu. Sasa utarudi?"

"Sirudi. Wengu umevimba, ngumi moja inaweza kuupasua. Ungengoja wiki mbili tu, ningekuachia hiyo nafasi kwa mkono wangu."

Alikaa kwenye benchi. Nilimpa karatasi na kalamu. Nilichotaka kurudishiwa ni jina langu. Aliandika: "Huenda sikuona sindano."

"Futa 'huenda'."

"Nikifuta, watauliza Sally aliingiaje."

"Watauliza."

Kamba ilikuwa ikipiga saruji ya nje, haraka, bila kukosea. Phares aliifunika kalamu, akanirudishia.

Nilimwachia karatasi yake. Majibu ya maabara nikayapeleka kwa kamati. Yanaeleza damu yangu yote. Kuhusu sindano hayasemi kitu.