Afisa Aliyefika Bila Gari

Kosa lilikuwa la Ikupa mwenyewe. Afisa ustawi wa jamii mzima, miaka tisa kazini, akaenda kwa Bibi Minza na gari lililoandikwa ubavuni "Tuwalinde Watoto". Likamlinda nani? Kufikia jioni kijiji kizima kilishajua kwamba Kwandu, mjukuu wa bibi, miaka kumi na minne, ndiye shahidi dhidi ya mwenye baa aliyekuwa akiwauza wasichana wadogo kwa wateja wake. Watu wakaanza kumzomea mtoto kisimani. Bibi akakata shauri: mtoto haendi mahakamani. Na bila Kwandu, kesi ya keshokutwa ilikuwa imekufa.

Safari hii Ikupa alishuka kwenye bodaboda mbali, akaja kwa miguu, jembe begani.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia bibi kwa Kisukuma, aliyekuwa akipalilia pamba.

"Leo umeleta na kamera?"

"Nimekuja kupalilia."

"Mnyakyusa na pamba wapi na wapi? Rudi kwenye migomba yako!"

Hata hivyo akampa mstari. Kufikia saa tano Ikupa alikuwa na malengelenge mawili, na amefyeka miche minne ya pamba akidhani magugu. Bibi alicheka mpaka akaketi chini.

"Gari lile lilikuwa kosa langu, mayu," Ikupa alisema. "Keshokutwa tutapanda basi kama watu wanaokwenda mnadani. Na Kwandu akitoa ushahidi, watu watatolewa nje."

"Na akirudi wakimzomea?"

"Watamzomea. Nitakuja kila wiki, ila siwezi kuziba midomo yote."

Kwandu, aliyekuwa akipalilia mstari wa tatu, akaacha jembe.

"Bibi, wananizomea na sijasema kitu. Bora wanizomee nimeshasema."

Bibi alimtazama mtoto yule kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Hakusema ndiyo. Alisema, "Basi linapita saa ngapi?"

Siku ya kesi, mahakamani Bariadi, bibi na Ikupa walikaa benchini nje, wakiukodolea macho mlango uliofungwa. Saa nzima. Kwandu akatoka, shingo imenyooka.

"Wakili wa mwenye baa kaniuliza mara tatu. Mara tatu nimemjibu lilelile."

Bibi Minza akasimama. Benchi lilijaa watu wasiomjua, naye alitamani wote wasikie. Akafungua kinywa. Ikupa akamshika mkono haraka: siri, mayu, siri!

Bibi akameza maneno yote, akabakiwa na machache, akayatamka kwa sauti ya kusikika hadi getini:

"Huyu ni mjukuu wangu."