Udongo wa Suzhen

Mlima wetu huu wa Guizhou, kusini mwa Uchina, ni mawe tu. Ukichomeka jembe, linalia. Kaka yangu Dagui aliporithi kipande chake alikitazama mara moja, akarudi kulala. Mkewe, wifi yangu Suzhen, hakurudi. Alijifunga tenga mgongoni, akashuka mtoni, akapanda na udongo na kuumwaga kwenye shimo la mwamba. Kesho yake tena.

Mama alikaa mlangoni akitafuna mbegu za alizeti na kumcheka.

"We mkwe, unajenga mlima? Mbona milima hapa tunayo ya kugawa!"

"Nauongezea nyama tu, Mama. Huu wenu ni mifupa mitupu."

Alibeba udongo ujana wake wote. Mvua ikiusomba, anaufuata chini na kuurudisha. Magoti yakavimba, mgongo ukapinda, lakini mahindi yakasimama marefu kuliko kaka yangu. Mama akala uji wa mahindi hayo miaka na miaka, asante hata moja hatukuisikia.

Alipoanza kuumwa, Mama alimwita mpimaji wa makaburi amtafutie pa kuzikwa. Yule mzee alizunguka mlima na dira yake na chuma chake kirefu. Kila alipochoma, jiwe. Shambani kwa Suzhen chuma kikazama hadi mpinini.

"Hapa mtu atalala vizuri," akasema.

Suzhen akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, ukilala pale, mimi nitapanda wapi?"

"Udongo si upo mtoni? Na njia unaijua."

Ni mama yangu mzazi, lakini nilitamani kumziba mdomo. Kaka akajikohoza, akatazama viatu vyake.

"Mama ni mama," akasema. Yakaisha.

Tulimzika mahindi yakiwa usawa wa goti. Wachimba kaburi waliyang'oa. Kisha, kwa kuwa kaburi la mkubwa halifai kuwa bapa, wakakwangua shamba zima hadi mwambani, wakaurundika udongo wote juu yake. Wageni wakalisifu kaburi, wakamsifu kaka kwa kumheshimu mzazi. Suzhen alikuwa jikoni akiwapikia, kwa unga wake wa mwisho.

Mwaka uliofuata, sikukuu ya makaburi ilipofika, sisi watoto wake tulipanda kila mtu na udongo wake wa kumwongezea Mama, kama ilivyo desturi. Suzhen akaja wa mwisho, tenga mgongoni.

"Mwaga hapa juu," kaka akamwambia.

Tenga lilikuwa tupu. Suzhen alilitua, akapiga magoti, akaanza kuchota udongo wa kaburi kwa mikono.

"Njia naijua, Mama," akasema taratibu. "Magoti ndiyo yameisahau."

"Una wazimu!" kaka akafoka. "Unamfukua mama mkwe wako mchana kweupe! Xiuping, mdogo wangu, mzuie huyu!"

Kaka mwenyewe hakusogea. Mimi nikaenda, nikainama, nikalishika tenga lisiyumbe.