Mkono wa Asubuhi

Katika klabu ya mpira ya Ploharn, ukifika asubuhi unampa kila mtu mkono, kuanzia rais wa klabu mpaka mama wa kufua jezi. Mara moja tu kwa siku. Ukirudia, mwenzako anajua kwamba ulipompa wa kwanza hukumtazama. Na ukimruka mtu, hiyo ni vita.

Corentin Bozec alilelewa na desturi hiyo. Aliingia pale mtoto, akawa beki wa kati, akawa nahodha, akanyanyua kombe, akavunjika goti. Walipomfanya kocha, mji mzima ulishangilia. Sasa timu inafungwa kila wiki, na midomo ileile inamwimbia aende zake. Mpira bwana, hauna haya.

Jumatatu ile alifika mvua ikinyesha. Mwili ulikuwa umemfia ganzi kwa majuma kadhaa: si huzuni, si hasira, hamna kitu. Kahawa ilimuunguza ulimi, akaendelea kuinywa tu. Alijua rais anaweza kumfukuza wakati wowote. Jambo moja tu lilikuwa limembakia, nalo ni Hervé Madec, kocha wa makipa, aliyekaa golini nyuma yake miaka yote ile ya kucheza. Waliahidiana siku ya kwanza ya ukocha: tumeingia wawili, tutatoka wawili.

Akaanza kuzunguka na mkono wake. Wachezaji waliupokea huku wakitazama viatu. Mama Annick wa kufua, ambaye mdomo wake haujui likizo, alimpa mashavu yote mawili ayabusu, kisha akamuuliza kama vijana wake Jumamosi walikuwa wakicheza au wakisubiri basi, maana jezi zimerudi hazina hata tope. Corentin akacheka, meno tu.

Hervé alikuwa ameinama, anapanga mipira iliyokwisha kupangwa. Corentin akanyoosha mkono.

"Si tumeshasalimiana, nahodha," Hervé akasema bila kugeuka. "Pale mlangoni."

Hawakuwa wamesalimiana. Mlangoni hapakuwa na mtu. Corentin akautazama mkono wake mwenyewe, akaelewa: Hervé amepewa nafasi yake ya kocha mkuu, ameikubali, na sasa anaona haya kumshika. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea. Alingoja habari hiyo imuume. Haikuuma, na hilo ndilo lililomtisha.

"Kweli," akasema. "Nimesahau."

Kabla ya chakula cha mchana rais alimwita, akamshukuru kwa sauti ya msibani, akamwambia kuanzia kesho timu ni ya Hervé. Rais na Hervé walikuwa wamekubaliana tangu jana. Corentin aliuliza tu ufunguo wa ofisi auache wapi.

Hervé alimfuata mpaka kwenye gari, mvua yote ikimwishia kichwani. Alieleza mengi: kwamba ana watoto wanasoma, kwamba angekataa wangemleta mgeni asiyeijua hata rangi ya jezi. Huenda yalikuwa kweli. Alipoishiwa maneno akanyoosha mkono, ule wenye vidole vilivyopinda kwa mashuti, uliomwinua Corentin kila alipoanguka.

Corentin akautazama.

"Tumeshasalimiana, Hervé," akasema taratibu. "Pale mlangoni."

Akafunga mlango, akawasha gari. Kwenye kioo alimwona Hervé bado amesimama, mkono uko vilevile. Alipofika njia panda ya kwenda kwake, ulimi aliouunguza asubuhi ulianza kumuuma. Uliuma sana, ikabidi asimamishe gari pembeni.