Hatua za Idara ya Fedha

Choo cha wanaume cha ghorofa ya tano kilikuwa kimeziba tena. Mfagizi alipiga goti moja tu mbele yake, maana la pili lilikuwa limevimba hadi ngozi ikang'aa, halikubali kukunjika. Akazamisha mkono, akavuta tonge la karatasi lililolowana, akalitupa kwenye ndoo. Maji machafu yalimrukia hadi kwenye saa.

Zilikuwa nne, mbili kila mkono, zimefungwa juu ya kiwiko. Chini ya mikanda ngozi ilikuwa imechubuka na kunuka jasho la juzi. Saa zile zilihesabu hatua, na hazikuwa zake. Kampuni ilikuwa imetangaza shindano la afya: idara itakayotembea zaidi italipiwa wiki nzima kwenye hoteli ya kifahari. Watu wa fedha, waliopanda lifti hata kwa ghorofa moja, wakamkumbuka mama wa ngazi, kwa kuwa lifti ilikuwa marufuku kwa mwenye ndoo. Wakamfunga saa zao. Mwanzoni alilichukulia kama utani. Wamenigeuza duka la saa, aliwaambia wafagizi wenzake, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa alitaka kitu kimoja tu, kiti. Mwanamke aliyekuwa akikunja taulo kwenye ukumbi wa mazoezi wa wakubwa, ghorofa ya chini, alikuwa ameacha kazi, na kiti chake kilikuwa wazi. Daktari wa zahanati alikuwa amemwambia mfagizi aachane na ngazi, la sivyo mwakani atakuwa anatambaa.

Msimamizi wa usafi alimsikiliza huku akikwepa macho yake. Alisema angempa kazi ile hata leo, ila wakubwa wanataka mwenye cheti cha sekondari.

"Cha kukunjia taulo?"

"Mama yangu, usinitie matatani. Nenda kwa mhasibu mkuu. Ndiye anayesaini."

Mhasibu mkuu alikuwa rika la kitinda mimba wake. Miguu ilikuwa juu ya meza, na makombo ya keki yalikuwa yamemkaa kifuani.

"Shikamoo, mama," alisema, miguu ikiwa pale pale.

"Marahaba, mwanangu."

Akaeleza shida yake. Akapandisha gauni kidogo ili goti lionekane, na mhasibu akageuza uso upesi kama mtu aliyeonyeshwa uchi.

"Kukaa ni hatari kwa umri wako," alisema. "Presha, kisukari, vyote vinakusubiri kwenye hicho kiti. Tumalizie shindano, Ijumaa tu. Kiti ni chako."

"Na wakimpa mwingine?"

"Nani atampa bila mimi?"

Alipogeuka kuondoka akamwita, akamfunga saa ya tano. Ilikuwa ya karani aliyekuwa likizo.

Mchana mtaalamu wa afya alihutubia wafanyakazi ukumbini. Alisema kwa huzuni kwamba mazoezi hupungua kadiri kipato na elimu vinavyopungua na umri unavyosonga, kwa hiyo tuliosoma tuna jukumu la kuwaamsha wenzetu. Macho yake yakatua kwa mfagizi, aliyekuwa akiokota chupa chini ya viti.

"Kwa mfano wewe, mama. Unafanya mazoezi?"

Mfagizi aliinuka akijishikilia ukutani. "Sijawahi, mwanangu. Nitapata wapi muda?"

"Mnaona?" alisema mtaalamu.

Ukumbi ukacheka. Watu wa fedha ndio waliocheka sana.

Saa kumi alipita kwenye chumba cha taulo. Msichana alikuwa amekalia kile kiti, anatafuna ubani, macho kwenye simu. Mfagizi akamuuliza nani kamleta.

"Shemeji. Yule mhasibu mkuu," alijibu msichana. "Kanisainia tangu Jumatatu."

Mfagizi alibeba ndoo yake akaanza kupanda. Alitaka kumrudishia mhasibu saa zao mezani, zote tano, na baadaye wamfanye watakavyo. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne goti likakatika. Akaenda chini na ndoo. Maji ya vyooni yakamwagika juu yake, yakateremka ngazi hadi ngazi.

Mhasibu mkuu alisikia kishindo, akaja na simu sikioni.

"Pole, mama. Pole sana," alisema akichuchumaa mahali pakavu. Akatoa kitambaa, akaufunika mkono wa mfagizi uliolowana, kisha akaushika. Mfagizi akajikaza ili ainuliwe.

Mhasibu akaugeuza mkono, akasoma hatua kwenye saa.

"Idara ya madai wametukaribia," aliiambia simu. "Na huyu ameanguka."

Akakaa vizuri kwenye ngazi, akaanza kuutikisa ule mkono juu na chini, polepole, kama mtu anayevuta maji kwa pampu.

"Wewe pumzika tu, mama," alisema.