Pugu Bila Mkaa

...na uongo wenyewe ulipita kirahisi mno, hilo ndilo linalomkera Khalfani, siku nne nzima alikuwa akipanga majibu, halafu mkewe hakumuuliza hata swali moja la maana, na sasa treni imesimama kabla ya kufika Pugu, haijulikani inasubiri nini, naye kakaa chini kwenye behewa la mizigo, kaikumbatia baiskeli isije ikaangukia matenga ya watu, baiskeli ya gia kumi na nane, mtumba wa Ujapani, aliyoiunga mwenyewe kipande kwa kipande kwenye kibanda chake cha ufundi pale Tandika, na Theonest, karani wa mizigo, bado anaicheka, “Mzee wangu, watu wanakwenda Pugu na baiskeli kufuata mkaa, sasa hii haina keria, gunia utalibeba kichwani?” ... sifuati mkaa, amemjibu, nakwenda kuendesha tu humo msituni, jioni narudi, na karani kamtazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini, kuendesha tu, mtu mzima mwenye wajukuu wawili ... ndiyo, kuendesha tu, miaka tisa kaupita msitu ule na magunia mawili nyuma, shingo imekaza, macho hayaoni kitu ila tairi la mbele, hajui hata ndege wa mule wanaliaje, na leo anataka apite njia zilezile mgongo ukiwa mwepesi, basi, hana kingine anachotaka ... lakini maneno hayo utamwambiaje Chausiku, Chausiku aliyemwapisha mwaka themanini na saba, baada ya breki kukatika mteremkoni, mkaa ukamlalia, mguu ukavunjika juu na chini ya goti, “Msitu ule hukanyagi tena, Baba Shamimu, mie sina mume wa akiba,” na kweli hakukanyaga, miaka saba sasa, mpaka ilipokuja baiskeli hii ikamtia wazimu, akaona heri amzushie mtu kifo, astaghafiru, akasema mama yake Alfonsi kafariki, Alfonsi mwenzake wa zamani wa kubeba mkaa, yule aliyemtoa porini mgongoni siku ile, nyumba yao iko ndani huko, treni mpaka Pugu, baiskeli mpaka msibani ... na Chausiku kasimama na mwiko mkononi, “Mama yake Alfonsi?” kaushusha mwiko, halafu, “Haya, wape pole,” kaingia jikoni, katoka na kifurushi hiki, Khalfani akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kapona ... “Reli ni moja, tunapisha treni ya mizigo,” Theonest anamwambia mtu nje, “tutakaa kaa hapa” ... kapona, ndiyo, lakini mbona hakujifunga kanga? Chausiku na msiba! Chausiku ambaye akisikia kilio mtaa wa tatu anakuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuosha masufuria, anayekwenda hata kwenye misiba ya watu waliomsema, msiba wa Alfonsi asiende? labda miguu inamuuma ... miguu gani, jana kateka ndoo sita ... labda kachoka ... Chausiku hachoki kwenye msiba, angalau angesema nitakuja kesho, angeuliza mazishi lini, angeuliza marehemu aliugua nini, hakuuliza, kama vile habari yenyewe anaijua ... na hapo Khalfani anakumbuka, hospitali, mguu umening'inizwa, jioni, Chausiku anaingia, vumbi mpaka magotini, sauti imekauka, anasema “nimetoka Pugu, tumemzika mama yake Alfonsi, nimewapikia, nimekuwakilisha,” na yeye, na maumivu yake, akasema nipe maji, neno likapita, likapita miaka saba ... Mungu wangu, bibi wa watu kafa themanini na saba! Chausiku kamlilia kwa machozi yake, na leo asubuhi Khalfani kamfufua akamwua mara ya pili, mbele ya mtu aliyemzika ... jasho linamtoka, anataka kucheka, anataka treni irudi nyuma, Chausiku alijua, tangu pale kwenye mwiko alijua, angeweza kumuumbua mbele ya wajukuu, mtaa mzima ungecheka mwezi, na hakusema ... anafungua kifurushi, msibani hupeleki vitumbua vinne, vitumbua vinne ni chakula cha mtu mmoja, na chini yake kuna bandeji ya goti, ile ya zamani, imefuliwa, imeviringishwa vizuri, nani anafungiwa bandeji ya goti aende kutoa pole? ... kwa hiyo kamruhusu, mwanamke huyu aliyempeleka chooni mgongoni miezi mitano, aliyeuza vitumbua alfajiri ili mume alale amtukane kila mtu kwa maumivu, kamruhusu na kumwachia na heshima yake, ni mtu gani huyu, Khalfani kafanya nini hata apewe mtu kama huyu, anashukuru, jamani, anashukuru, anavuta suruali juu, anaanza kulifunga goti, polepole, kama Chausiku alivyokuwa akilifunga, na midomo inachezacheza yenyewe, Mama Shamimu, nilikuogopa ... hapana, si kweli, hakumwogopa, mtu kama yule humwogopi, aliona haya, mzee mzima kutaka kucheza wakati wenzake wanahangaika na maisha, hilo ndilo la kumwambia leo leo akiingia tu mlangoni, kabla hata ya salamu, “Mama Shamimu, niliona haya kukuomba ...”

“Unasemaje, mzee?” Theonest kachungulia ndani.

“Sisemi na wewe,” anajibu Khalfani, macho yamelowa, wala hayafuti, “nasema na mke wangu,” na karani anaangaza behewa zima, matenga na baiskeli tu, na treni bado haijasogea.