Koti la Mjomba Asiyekuwepo

...vua, ananiambia vua, kana kwamba nimeingia sebuleni kwake na viatu vya tope, mbele ya wagonjwa wote wa macho waliopangwa kwenye benchi hili, na mimi nimekaa zangu na mama tukimsubiri daktari, sijamkanyaga mtu, sijaruka foleni, "Binti, koti hilo halivaliwi hivi hivi," anasema huyu mzee mwenye bandeji jicho la kushoto, baharia mstaafu, ametutangazia mwenyewe tangu tulipokaa, miaka thelathini katika jeshi la majini, hongera, nani kamuuliza, "sisi tulilitolea jasho," haya, jasho, na mimi je, miaka miwili kila Jumamosi nikipekua mitumba, nikitupa kando makoti ya kuigiza yenye vifungo vya plastiki vyepesi kama maganda ya karanga, mpaka yule muuzaji tunayemwita Profesa akalitoa chini ya meza, sufu nzito ya buluu iliyokaribia weusi, kola pana ya kusimamisha hadi masikioni, vifungo vyenye nanga, akasema, "Dada, hili limekuzidi umri, liamkie kwanza," nikacheka, nikalivaa palepale, mabega yakakaa kama nilipimwa, nikarudi nyumbani kifua mbele, mimi karani wa posta ambaye hata mlinzi hajui jina langu, na sasa huyu anataka nimvulie, kwani nimevaa medali zake, kwani amezaliwa nalo... "Lilikuwa la nani?" aliniuliza dakika hii hii, na badala ya kumwambia yasiyomhusu ayaache, nikasema, "La mjomba wangu, shikamoo, alikuwa baharia," shikamoo na uongo kwa pumzi moja, neno likatoka bila kukwama, kwa sababu nimeshalisema sana, nimelisema kazini, nimemwambia wifi, nimemwambia yule fundi saa aliyetaka kunioa, na leo nimelisema mama akiwa ubavuni, mama ambaye kwao walizaliwa wasichana watupu, mkono wake ulikuwa umenishika hapa kwenye kiwiko tangu mlangoni, asijikwae, na niliposema mjomba, ukaachia... uliachia tu ukaenda kulala mapajani mwake. "Meli gani?" mzee huyo tena, "mjomba wako alikuwa meli gani? Labda namjua." Labda anamjua! Jamani, watu wana nafasi! Amjue mtu asiyekuwepo, na huyu aliyepo, amepakana naye goti kwa goti, hamuoni, na ana jicho zima moja, mama yangu aliyekaa miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha sare akishona kola za makoti haya haya na kutoboa matundu ya vifungo, uzi wa buluu nyeusi juu ya sufu ya buluu nyeusi, chini ya taa iliyofifia, mpaka macho yakakataa, na hakuruhusiwa kuvaa hata moja, mwenzake mmoja, yule waliyemwita Kicheko, alijaribu moja wakati wa chai, akapiga saluti ili wenziwe wacheke, msimamizi akamkuta, kesho yake hakuonekana tena kazini, na jioni walipekuliwa getini wote, wanawake watu wazima, halafu mama akaja nyumbani kwenye baridi na sweta lililotoboka viwiko... jasho hukauka, mzee, macho ya mama hayajarudi... na siku nilipolileta koti hili alilipapasa kwa vidole, ndani nje, akacheka, "Aliyeshona tundu hili alikuwa na njaa, ona alivyoruka mishono, hili si la kiwandani kwetu," akalishika kola muda mrefu, akasema, "Basi vaa, mwanangu, vaa sana," hakuniambia niseme ni la mjomba, huyo mjomba nimemzaa mimi, nimempa cheo, nimempandisha meli, kwa nini, kwa sababu fundi cherehani hakunitosha, kwa sababu baharia anapendeza mdomoni kuliko mwanamke anayepekuliwa getini, ala, kumbe ndiyo hivyo, kumbe namkasirikia mzee wa watu, yeye hamjui mama, ana udhuru, mimi ninamjua, mimi ndiye niliyemfuta, msimamizi alimnyima koti tu... "Binti, nakuuliza, meli gani?" Mama amenyoosha uso mbele, ukutani, kama watu wasioona vizuri wanavyosikiliza, naye anasubiri, naona anasubiri kuliko mzee, na hasira bado ipo, ila imegeuka na kunitazama mimi, sina mjomba, mzee, nina mama, huyu hapa, ndiye aliyeshona makoti kama hili, muulize yeye, namsikia mama anavuta pumzi, nafungua mdomo niyaseme...